Yaya wa Saa Saba

Naguru, Kampala
Jumapili, 8 Mei 1977

Dada Kaltumi,

Asalaam aleikum. Barua hii anakuletea Mjomba Marjan kwa mkono wake, ndani ya lori lake, kwa hiyo naandika bila kufunika kitu. Ile yako iliyopitia posta ilinifikia imebandikwa upya kwa gundi ya mtu mwingine, na gundi yenyewe ilikuwa haijakauka. Tafadhali usitumie posta tena.

Sisi ni wazima. Nikisema sisi, ni mimi, Alum na Otim. Kuhusu baba yao hakuna jipya. Ni wiki saba tangu Opoka avae sare yake ya inspekta, anywe chai amesimama, aniambie nimkumbushe kifungo cha koti, kisha asirudi. Kazini kwao wanasema ametoroka. Waacholi wengi wameandikwa watoro mwaka huu, dada, na baadhi yao mto umewarudisha. Nimekwenda hospitali, nimekwenda kambini, nimesimama kwenye milango ambayo mwanamke hapaswi kusimama. Majirani wameanza kunipa pole ya mfiwa, nami sijui niipokee au niikatae.

Nyumba ya polisi tulitolewa mwezi uliopita. Sasa tumepanga vyumba viwili huku chini ya kilima. Yule msichana aliyekuwa akikaa na watoto amerudi kwao Arua, aliogopa. Na hapo ndipo penye mwiba. Watoto wanatoka shule saa saba mchana. Mimi nainuka kwenye mashine ya kupiga chapa saa kumi na moja. Katikati ya saa hizo watoto wangu ni wa nani? Alum ana miaka kumi, nimemfundisha kufunga komeo kwa ndani. Lakini wiki iliyopita mtu mwenye miwani myeusi alimpa Otim biskuti pale langoni, akamuuliza kama baba amewatumia chochote. Otim, mtoto wa miaka sita, akamjibu, "Ametutumia salamu kwenye ndoto yangu." Mtu yule akacheka, akaondoka. Mimi sikucheka.

Nahitaji yaya wa saa saba. Si wa kulala, ni wa kuwapokea shuleni, kuwalisha, kukaa nao mpaka nirudi. Lakini kila mtu siku hizi ana masikio mawili, na moja si lake. Wewe umelea kumi. Niambie, mtu kama huyo namuuliza nini?

Mdogo wako,
Habibah

*

Kibera, Nairobi
15 Mei 1977

Mdogo wangu Habibah,

Waaleikum salaam. Marjan amefika salama, amekula, amelala, barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu.

Waite mchana, jua likiwa juu. Watoto wawe kwa jirani, wasije wakaonwa kabla ya kuamuliwa. Mpe kisu na kitunguu uone anavyokata, kwa sababu mdomo hudanganya lakini mkono hauna muda huo. Muulize alitoka wapi na kwa nini alitoka. Anayemsema vibaya mwajiri wa jana, kesho atakusema wewe. Na anayetaka kujua habari za mwenye nyumba, mpe nauli na umfungulie mlango.

Usimchukue mtu kwa sababu tu ni wa kwetu. Najua mama angesema Mnubi kwa Mnubi. Lakini siku hizi wa kwetu ndio wanaolishwa vizuri, na mtu halishwi bure.

Nimesikia kwamba Lubaga, kwa masista, kuna wanawake watu wazima wanaofua nguo, wapole. Peleka neno huko.

Pole ya mfiwa usiipokee, Habibah. Ikatae. Mungu hajasema neno lake.

Dada yako,
Kaltumi

*

Naguru
29 Mei 1977

Dada,

Nimewaona watatu. Ngoja nikueleze, maana toka Machi sijapata kitu cha kueleza.

Wa kwanza alitoka Kabalagala, amejipaka manukato mpaka kuku wa jirani wakapiga chafya. Hata hajakaa, akaangalia rafu yangu.

"Nyabo, sukari iko?"

"Ikipatikana."

"Na ladio?"

"Redio ipo."

"Basi watoto nitakaa nao. Lakini saa kumi na mbili naludi baa, ile ndiyo kazi yangu ya kweli."

Nilicheka, dada. Nilimpa chai akanywa, tukaagana vizuri.

Wa pili anaitwa Maimunah, wa kwetu hasa, kutoka Bombo. Mke wa bosi wangu ndiye aliyemleta. Safi, ana adabu, kitunguu alikikata vipande vyembamba kama karatasi. Anajua kusoma na hesabu za Alum anaziweza. Tukawa tunazungumza vizuri, kisha macho yake yakapanda ukutani, kwenye ule msumari mtupu.

"Picha ya bwana mbona haipo, dada?"

"Kioo kimepasuka, ipo kwa fundi."

"Na akija hupenda kula nini?"

Akija. Sikujua kama ni heshima ya mgeni au ni ndoano. Nikamwambia, "Anakula kinachopikwa." Akatabasamu.

Wa tatu ndiye wa Lubaga. Niliulizia kama ulivyosema, akaja na barua fupi ya sista mmoja. Anaitwa Joska. Mtu wa makamo, mikono imepauka kwa sabuni, rozari shingoni. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Kwenu wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Kule juu. Mimi nafua, napika, nakaa na watoto. Maneno mingi sijui."

"Una watoto wako?"

"Mungu alichukua."

"Una swali lolote la kuniuliza?"

"Hapana, Mama Alum."

Hakuuliza mshahara. Hakuuliza watoto ni wangapi. Hakuangalia msumari. Nafikiri masista walimtajia jina la Alum, maana mimi sikulitaja. Nilimshukuru, nikamwambia nitapeleka jibu.

Naelekea kwa Maimunah. Najua umeniambia nimfukuze anayeuliza, lakini anayeuliza angalau namwona anataka nini. Huyu asiyeuliza ama hajali, ama anajua tayari. Wewe wasemaje? Marjan anarudi kwako keshokutwa.

Habibah

*

Kibera
5 Juni 1977

Mdogo wangu,

Usimchukue Maimunah. Mke wa bosi wako anakula sahani moja na watu gani? Jiulize hilo kwanza.

Mchukue yule mrefu wa Lubaga. Mtu aliyefiwa na watoto hachezi na wa mwenziwe. Na maneno machache si ugonjwa, ni dawa, hasa mjini kwenu. Nisikilize mimi mara hii moja. Ulipoolewa na Opoka baba alikasirika, na wazee wa Opoka wakakasirika, mimi peke yangu nilisimama nawe. Sikukosea siku ile na sikosei leo.

Mchukue wiki hii, Habibah. Usingoje.

Kaltumi

*

Naguru
Jumapili, 26 Juni 1977

Dada Kaltumi,

Nilimchukua. Hii ni wiki ya tatu.

Nikitazama kazi yake, sina la kusema. Saa saba kasoro yuko langoni kwa shule, amesimama chini ya jua, hana mwavuli. Watoto wanakula, wananawa, sare zimefuliwa na kuanikwa kabla sijarudi. Otim ameongezeka uzito katika mji usio na mafuta wala sukari. Anawasagia ufuta na karanga, anawapa na muhogo. Jioni nikiingia yeye anatoka. "Watoto wamekula," ndiyo salamu yake na ndiyo kwaheri yake.

Lakini sikiliza.

Siku ya pili tu, niliacha mayai mawili mezani. Niliporudi, Otim alikuwa amekula yai, Alum amepikiwa dengu. Nikamuuliza Joska kwa nini. Akasema, "Yai inamtoa Alum vipele." Ni kweli, tangu akiwa mdogo. Ila mimi sikumwambia. Alum naye anaapa hakumwambia.

Wiki iliyopita nilimkuta amemshika Otim kidevu, anamtazama usoni kama anayesoma. Aliponiona akamwachia. Otim ana uso wa baba yake, dada, unajua. Usiku ule nikakagua sanduku langu. Hakikupotea kitu. Siku iliyofuata nikamfuata mpaka kituo cha basi, nikijificha nyuma ya wauza ndizi kama mwizi. Hakwenda Lubaga moja kwa moja. Alisimama akaongea na dereva mmoja wa lori, nikamwona mgongo tu, kisha akapotea.

Na kuna jingine, ambalo ndilo limeninyima usingizi. Nimerudia nakala ya barua niliyokuandikia tarehe 29 Mei. Mimi hutunza nakala za barua zangu, ni mazoea ya ofisini. Nilikueleza mikono ya Joska, rozari yake, namna alivyokaa. Hakuna mahali nilipoandika kwamba ni mrefu.

Wewe ukaniandikia, "Mchukue yule mrefu wa Lubaga."

Ni mrefu kweli. Anainama mlangoni kwangu. Ulijuaje?

Habibah

*

Kibera
1 Julai 1977

Habibah,

Marjan ndiye aliyeniambia. Alimwona sokoni na watoto. Na watu wa kule juu kaskazini si wote ni warefu? Hilo nalo ni la kukunyima usingizi?

Tangu tukiwa watoto wewe ulikuwa ukihesabu maandazi baada ya kila mgeni kuondoka. Acha. Yule mama anakulelea wanao. Nakuomba kwa maziwa ya mama yetu, usimfuate tena, na usimuulizie kwa watu. Hasa hilo la pili. Usimtaje jina kwa mtu yeyote. Sina zaidi.

Kaltumi

*

Naguru
Jumapili, 10 Julai 1977

Dada,

Nilimuuliza Mjomba Marjan hapa hapa mezani kwangu. "Mjomba, yule Joska ulimwona soko gani?" Akajikuna sikio. "Joska yupi?" Nikamweleza. Akasema hajawahi kumwona mtu kama huyo, wala hamjui, wala hajaambiwa habari zake.

Kwa hiyo umenidanganya. Pia tarehe tano Juni, siku uliyoandika "mrefu", Joska alikuwa hajaingia kazini. Marjan angemwona sokoni na watoto gani?

Nimekaa na jambo hili siku nne. Nimejiuliza nani amekufika hapo Kibera, amekuahidi nini au amekutisha kwa lipi, mpaka umweke mtu ndani ya nyumba yangu. Najua wana mikono mirefu, watu wale. Najua wapo Nairobi pia. Sikuwaza kwamba wangepitia kwako.

Juzi nimemwona Koplo Tarcisio, jirani yetu wa zamani kule juu kwenye nyumba za polisi. Ni mtu mpole, mke wake alinisaidia kuhamisha vyombo. Nimemwomba aniulizie kimyakimya huyu Joska ni nani, ametoka ukoo gani. Akataka jina kamili, nikampa kama lilivyo kwenye barua ya sista. Aliliandika kwenye kiganja kwa kalamu. Akasema atanipa jibu wiki hii. Nikilipata, Joska hatakanyaga kwangu tena, na nitamwita Maimunah.

Wewe ndiye uliyebaki kwangu, baada ya mama, baada ya Opoka. Barua zako nitazisoma. Kuzijibu, nitajibu siku utakapoandika kweli.

Habibah

*

Kibera
Alhamisi, 14 Julai 1977

Habibah, mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Watoto wako wako kwangu. Alum na Otim, wazima wote wawili, wamefika leo alfajiri, wamelala kitanda kimoja na wanangu.

Na baba yao yuko nao. Opoka yu hai, Habibah. Yuko hapa tangu tarehe 27 Machi.

Soma tena ukitaka. Mimi nalia ninapoandika.

Alifika na shati tu. Siku ile ya kifungo cha koti, mwenzake alimnong'oneza kazini kwamba jina lake limo kwenye orodha ya jioni. Hakurudi nyumbani maana nyumbani ndiko wangemngojea. Marjan alimpitisha Malaba. Akaniapisha nisikwambie. Alisema, "Habibah hawezi kusema uongo, uso wake kila mtu anausoma. Wakimuuliza nilipo na hajui, watamwacha. Akijua, watamtoa roho." Nilimkatalia siku tatu. Ya nne nikakubali. Tangu hapo kila barua yako ya kuulizia maiti niliisoma huku yeye amekaa upande wa pili wa meza, ameshika kichwa.

Ulipoandika kuhusu yaya, ndipo akamkumbuka Joska. Ni dada yake, wa baba mmoja mama mbalimbali. Hukumjua kwa sababu wazee wao hawakuruhusu mtu wa ukoo kufika kwenye ndoa yenu. Mayai ya Alum alijua kwa Opoka. Alimshika Otim kidevu kwa sababu ni damu yake. Dereva uliyemwona akiongea naye alikuwa Marjan, na Marjan alikana mbele yako kwa sababu tulimfundisha kukana kila kitu, nami nikasahau kumwambia uongo wangu wa sokoni.

Sasa sikia yaliyotokea Jumanne. Jina ulilompa Tarcisio halikubaki kwenye kiganja chake. Jumatatu watu walifika Lubaga kwa masista wakiuliza Joska ni nani kwa Opoka. Sista akamwonya. Jumanne saa sita gari lilisimama nje ya shule, watu wawili ndani, wanamuuliza mwalimu watoto wa Opoka ni wepi. Joska alipitia nyuma ya vyoo, akawatoa darasani kabla ya kengele. Alikwenda mpaka karibu na ofisi yako akaona gari lingine, akageuza. Akawatembeza watoto kwa miguu mpaka Kabalagala, pale Marjan anapokula kabla ya safari. Walipita Malaba wakiwa wajukuu wa Marjan.

Joska hakuvuka. Walipofika Tororo, Otim aliuliza, "Mama akirudi kazini atamkuta nani?" Marjan anasema Joska alimgeukia yeye, akamwambia, "Simamisha gari." Akashuka, akapanda basi la kurudi kwako akakwambie. Hatukumtuma. Ametaka mwenyewe.

Mpokee, Habibah. Atakuwa amekufikia kabla ya barua hii. Muwekee maji ya kuoga na chakula, na mje wote wawili, Marjan atawachukua.

Makosa ni yangu. Nilikuficha mpaka ukaniogopa.

Kaltumi

*

Naguru
Ijumaa, 15 Julai 1977

Dada Kaltumi,

Natuma kwa posta. Wasome, wote wasome, sijali tena.

Watoto wangu wameibwa. Nilisema sitakuandikia, lakini sina mwingine. Jumanne nilirudi nikakuta komeo limefungwa kwa nje. Nilikimbia shuleni bila viatu. Mwalimu anasema yaya aliwachukua kupitia nyuma kabla ya kengele. Jumatano watu walikuja ofisini wakaniweka kwenye chumba nusu siku, Opoka yuko wapi, Joska yuko wapi, watoto wako wapi. Nikawaambia, ninyi ndio mniambie! Nililia nikawatukana, nikamlaani Joska kwa Kiarabu na kwa Kinubi mpaka mmoja wao akaniletea maji. Wakaniacha. Waliona sijui kitu.

Lakini nimempata, dada. Nimempata kwa mikono yangu mwenyewe. Jana mchana nipo kwenye bomba la maji, namwona anakuja, peke yake, na gauni lile lile lina vumbi mpaka magotini. Amerudi! Sijui amerudi kuchukua nini kilichobaki. Alinijia taratibu, akaniinamia sikioni, "Mama Alum, tuingie ndani."

Nikamshika nguo kifuani. "Wanangu wako wapi?"

"Nitasema ndani. Tuingie ndani kwanza."

Nikapiga kelele. "Mwizi wa watoto! Mwizi wa watoto!" Bomba lote likamwaga ndoo. Watu walitoka hata kwenye nyumba ambazo sikujua zina watu. Nilimpiga kofi, wengine wakampiga kwa walichokuwa nacho. Hakukimbia, hakujikinga. Alinitazama mimi tu, akasema, "Watoto wamekula." Mbele ya wote wale, hilo tu. Nikampiga tena.

Tarcisio na mwenzake ndio waliomtoa mikononi mwa watu, wakampeleka kituoni. Sasa watamfanya aseme. Nimewaomba wamfanye aseme.

Kama lolote linakufikia kuhusu watoto wawili, niandikie. Yaliyopita nimeyaacha.

Habibah

*

Kampala
Jumapili, 7 Agosti 1977

Opoka,

Naandika kwako, si kwa dada. Yeye nitamwandikia siku nyingine.

Marjan alinipa barua ya Kaltumi Jumatatu tarehe 18, saa nne asubuhi, mlangoni kwa ofisi. Nilisoma nimesimama. Nilipofika pale panaposema "Opoka yu hai" sikupata furaha. Nataka ulijue hilo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa Joska kwenye bomba la maji. Nilikuwa nimempa siku nne kituoni, kwa mkono wangu.

Nilikwenda kwa Tarcisio kwanza. Alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake. "Mama Alum, mimi niliuliza tu kama ulivyoniomba. Nilimuuliza mtu mmoja, naye akamuuliza mtu mmoja." Akaniambia Joska bado hajachukuliwa na wale wa magari yasiyo na namba, kwa sababu yeye Tarcisio ameandika kitabuni kuwa kesi ni ya ugomvi wa wanawake, na kitabu hakijasomwa na mkubwa. "Kesho kitasomwa," akasema.

Basi nikapaka wanja. Nikavaa gomesi yangu ya harusi ya binamu, ile ya zambarau, nikaenda kituoni peke yangu. Nilimkuta mkubwa mwenyewe, mtu wa nyumbani, anaongea Kinubi kama babu yangu. Nikamwambia nimekuja kuondoa mashtaka yangu, maana nilisema uongo. Watoto hawakuibwa. Nimewapeleka kwa dada yangu Nairobi kwa mkono wangu mwenyewe, kusoma.

"Kwa nini sasa ulimwita mwizi?"

"Kwa sababu ni mwanamke wa mume wangu."

Alinyanyua kichwa. Nikaendelea. Nilimwambia nilimwajiri bila kujua, kisha nikagundua kuwa yule ni hawara wa Opoka wa zamani, ameingia nyumbani kwangu kujifanya yaya, ananilia posho yangu, na mimi nimepandwa na wivu nikataka apigwe. Nikaeleza mpaka vitu ambavyo havisemeki mbele ya wanaume. Askari wawili waliokuwa pembeni wakaanza kucheka. Mkubwa akaniuliza, "Na mume wako yuko wapi?"

Nikasema, "Afande, ningejua alipo ningekuwa naparurana na huyu? Si ningekwenda kumparura yeye?"

Chumba kizima kikacheka. Mkubwa alifuta machozi. Alisema wanawake wa kwetu ni moto, akaniita mpumbavu, akasema kuniweka ndani ni kuharibu chakula cha serikali. Aliniweka hata hivyo, mpaka siku ya pili, nipoe. Kisha akasaini.

Ulimwambia Kaltumi kuwa siwezi kusema uongo. Miaka kumi na miwili tumelala mto mmoja, na hukunijua.

Nimefikiri sana, na sikukatalii kila kitu. Ile Jumatano waliponiweka chumbani, kutokujua kwangu kuliniokoa. Hilo ni kweli, ulihesabu vizuri. Lakini hesabu yako haikumtia Joska. Nilimwogopa kwa sababu hukuniachia mtu wa kumwamini. Nilimwogopa mpaka nikamwogopa dada yangu wa tumbo moja. Mimi nilimtaja jina, kosa hilo ni langu na nitakwenda nalo mbele ya Mungu. Wewe ndiye uliyemtuma kwangu bila uso.

Walimtoa kupitia mlango wa nyuma. Hakuweza kunyoosha mgongo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulilingana kimo. Mbavu tatu zimevunjika, na mkono wa kushoto. Meno mawili ya mbele hayapo. Walimuuliza siku sita yeye ni nani kwako na watoto wako wapi. Hakuwaambia. Yeye ndiye aliyejua kila kitu, Opoka, na hakusema neno.

Nilimwambia, "Shangazi, nisamehe." Sikujua nimwite nini kingine. Alifungua mdomo, akaufunga. Nikadhani anatafuta maneno ya Kiswahili, kumbe anatafuta pumzi. Akasema, "Ulikuwa unalinda watoto. Mimi pia."

Tulihama siku ile ile. Hapa tulipo sitapaandika. Wanatutunza watu ambao hawana sababu ya kututunza, na daktari mmoja huja bila kuandika jina lake. Kazini sijarudi. Nyumba ya Naguru niliiacha na sufuria jikoni.

Asubuhi namwosha, nampa uji kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa sababu ya meno. Mchana tunaongea. Anajua maneno mengi kuliko alivyosema. Amenieleza wanawe watatu walivyokufa kwa surua katika mwezi mmoja, na jinsi baba yenu alivyokuwa akimlilia Otim wa kwanza, kaka yenu aliyekufa, ambaye mwanangu amebeba jina lake, nami miaka yote sikuambiwa. Yapo mengi kwenu sikuambiwa. Namuuliza yote. Akichoka anafumba macho, nami namfunika shuka.

Waambie watoto mama yao yuko salama na shangazi yao anapata nafuu. Waambie ni shangazi yao. Wasimwite yaya tena.

Marjan anasema yuko tayari kunipitisha mimi wiki hii, nafasi ipo, lakini Joska hawezi kukaa kwenye lori siku mbili na mbavu zile. Daktari anasema bado mwezi, labda zaidi. Kaltumi ameniletea ujumbe nitangulie kwa ajili ya watoto, na Joska mwenyewe ananisukuma kila siku niende.

Watoto wana baba yao na mama mkubwa wao. Joska ana mimi. Usinitumie mtu, usinitumie akili ya kunidanganya niondoke. Ukiwa na neno, andika mwenyewe.

Tutakuja wawili, au hatuji.

Habibah